Jarida Huria Bila Uhakiki Ulio Wazi Ni Nusu Huria

Leo tuache kidogo habari za Linux na za makampuni ya simu. Nataka tuzungumzie majarida ya madaktari wa ngozi. Usikimbie, msomaji wangu. Ukifika katikati utaona kuwa ni yale yale tunayobishania kila siku kuhusu programu huria, ila safari hii yamevaa koti jeupe.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika programu. Kilichonifikisha huku ni kazi ndogo ya kumtengenezea afisa tabibu mmoja hifadhidata ya picha za wagonjwa wake. Anatibu mapunye, upele, ukurutu, funza, na pia watu walioharibiwa uso na mafuta ya kujichubua. Kila akitafuta jambo mtandaoni anapata muhtasari wa mistari kumi, kisha anagonga ukuta: toa dola thelathini na kitu ndipo usome makala yote. Makala moja! Na huwezi kujua kama itakusaidia mpaka uwe umeshalipa. Ndipo nikaanza kuyachunguza majarida yasiyo na ukuta huo, na nikajikuta navutiwa zaidi na yaliyo nyuma ya makala kuliko makala zenyewe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Jarida linaloruhusu watu kusoma bure limefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonyesha jinsi makala ilivyohakikiwa: nani aliisoma kabla yetu, alilalamikia nini, na mwandishi akajibu nini.

Kwa wasioujua utaratibu, uko hivi. Daktari anaandika utafiti wake na kuutuma kwa jarida. Mhariri akiona una kichwa na miguu, anautuma kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo. Hao ndio wahakiki. Wanasoma, wanaandika ripoti, na mara nyingi hawalipwi hata senti. Mwandishi anarekebisha, anajibu hoja moja moja, mhariri anaamua. Katika majarida mengi ripoti hizo huishia kabatini. Msomaji anaambiwa tu kwamba makala “imehakikiwa”, aamini.

Sasa linganisha na sisi. Nikituma kiraka kwa mradi wa programu huria, msimamizi wa mradi anakisoma mstari kwa mstari na kuniuliza hadharani kwa nini nimefanya hivi na si vile. Miaka mitano baadaye mtu wa Kisumu au wa Helsinki anaweza kurudi, akasoma mabishano yetu yote, na akajua mstari ule wa ajabu uliingiaje. Hakuna anayeniambia “amini, kimekaguliwa”. Ajabu ni kwamba tunadai uwazi wote huu kwa programu ya kucheza muziki, lakini dawa ya kupaka usoni kwa mtoto tunakubali kuambiwa tuamini.

Madaktari wa ngozi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuelewa faida ya mtandao, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: picha. Fani yao huanza na jicho. Kuchapisha picha za rangi kwenye karatasi kulikuwa ghali, kwa hiyo majarida yalibana picha, yakazifanya ndogo, au yakazichapa nyeusi na nyeupe. Hebu fikiria kujifunza upele kwa picha isiyo na rangi! Mwaka 1995 Arthur Huntley wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, alianzisha Dermatology Online Journal, jarida la mtandaoni lisilomtoza msomaji. Kumbuka kwamba mwaka huo wengi wetu hapa Kenya hatukuwa tumeliona hata dirisha la kivinjari. Tamko la Budapest lililoipa harakati ya majarida huria jina lake lilitoka Februari 2002, miaka saba baadaye. Jarida la Huntley bado linasomeka bure kupitia eScholarship, hifadhi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha California. Napenda sana habari ya namna hii: mtu mmoja, chuo kimoja, seva, na ukaidi.

Lakini ukifungua makala yake huoni ripoti za wahakiki. Unaona makala iliyokamilika tu, kama programu iliyoshindiliwa tayari bila msimbo wake.

Jarida lililonifanya nikae wima ni jingine: BMC Dermatology. Lilianza mwaka 2001 chini ya BioMed Central, kampuni ya Uingereza iliyojengwa tangu mwanzo juu ya wazo la kusoma bure. Majarida ya tiba ya mfululizo huo yaliweka masharti mawili yaliyowashtua wengi. Kwanza, mhakiki anatia jina lake kwenye ripoti. Pili, makala ikikubaliwa, historia yake yote inawekwa mtandaoni kando yake: mswada wa kwanza, ripoti za wahakiki, barua ya majibu ya mwandishi, mswada wa pili, na kadhalika mpaka mwisho. Unabofya kiungo na unaingia jikoni.

Fomu waliyopewa wahakiki wa miaka hiyo ilinichekesha kwa furaha, maana ni kama iliandikwa na mtu wa programu. Iliwataka wapange hoja zao katika mafungu matatu. La kwanza ni marekebisho makubwa ya lazima, ambayo bila hayo mhariri hawezi hata kuamua. La pili ni madogo lakini ya lazima, kama vile jedwali lililokosewa jina. La tatu ni ya hiari, mwandishi akipenda. Yeyote aliyewahi kupanga kasoro za programu kwa uzito wake anaujua mpango huu. Faida yake si unadhifu. Inamzuia mhakiki kumtesa mwandishi kwa jambo la ladha tu akilipa sura ya jambo la sayansi, na inamzuia mwandishi kujibu mambo kumi mepesi huku akiliruka moja zito.

Fomu hiyo pia ilimtaka mhakiki aseme kama takwimu zinahitaji mtaalamu wa takwimu azipitie, na kama katika miaka mitano iliyopita amepokea fedha kutoka kwa kampuni inayoweza kunufaika au kuumia makala ikichapishwa. Kwenye mambo ya ngozi swali hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kuna fedha nyingi ndani ya krimu. Ukijua kwamba aliyeisifu makala ya dawa fulani analipwa na watengenezaji wake, utaisoma kwa jicho jingine, hata kama alichosema ni kweli.

Kitu kingine walichofanya tofauti: makala haikukataliwa kwa sababu tu utafiti hautatikisa dunia. Kilichoamua ni kama kazi imefanywa sawasawa na kama hitimisho linabebwa na ushahidi. Kwa watu wa huku hilo lina maana kubwa. Utafiti wa mapunye katika shule za kijiji hautatikisa dunia, na mhariri wa jarida kubwa la New York hatalala macho akiuwaza. Lakini mwalimu wa zahanati anauhitaji.

Chukua mfano, wa kubuni lakini wa kawaida. Makala inasema krimu fulani inapunguza wekundu wa ukurutu. Mhakiki anauliza: wagonjwa wangapi walikuwa na ngozi nyeusi? Ni swali la haki, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama wekundu. Unaweza kuonekana wa zambarau au wa kijivu, au usionekane kabisa kwa asiyezoea. Mwandishi anajibu katika barua yake kwamba walikuwa wachache mno kuweza kusema lolote, na anaongeza sentensi moja mahali fulani kuelekea mwisho wa makala. Msomaji mwenye haraka anaikosa sentensi hiyo. Lakini kwenye historia iliyo wazi mjadala mzima upo, ukurasa mzima, na afisa tabibu wa Kitui anayeusoma anajua kwamba namba zile nzuri si zake bado. Kwenye kabati lililofungwa, ukurasa huo haupo.

Haya, tuje kwenye pingamizi, na zipo za kweli.

Ya kwanza ni kwamba jina likiwa wazi watu wataogopa. Jarida la BMJ la Uingereza lilifanya jaribio la kisayansi juu ya jambo hili na kulichapisha mwaka 1999: baadhi ya wahakiki waliambiwa majina yao yatajulikana kwa mwandishi, wengine hapana, kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ubora wa ripoti haukutofautiana kwa maana. Kilichoongezeka ni idadi ya waliokataa kuhakiki. Mwaka 2010 wakachapisha jaribio jingine, safari hii wahakiki wakiambiwa ripoti zinaweza kuwekwa mtandaoni. Ubora ulibaki pale pale, waliokataa waliongezeka, na waliokubali walitumia muda mrefu zaidi.

Wanaopinga uwazi huutumia ushahidi huu kama rungu. Mimi nausoma vingine. Sijawahi kudai uwazi kwa sababu unafanya ripoti ziwe tamu zaidi. Naudai kwa sababu mimi msomaji napata kitu ambacho sikuwa nacho. Ripoti yenye ubora ule ule ikiwa kabatini hainisaidii, ikiwa mtandaoni inanisaidia.

Hofu yenyewe lakini siidharau. Hapa kwetu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wanajuana wote. Kijana aliyetoka masomoni juzi akipewa kuhakiki kazi ya profesa atakayekaa kwenye jopo la kumwajiri, atatia sahihi kwa mkono unaotetemeka, au ataandika sifa tupu. Kwa hiyo nasema: jina liwe hiari, ripoti iwe lazima. Hili linawezekana. EMBO Journal limekuwa likichapisha mafaili ya uhakiki tangu 2009 bila kuwalazimisha wahakiki kujitaja, na mbingu hazijaanguka.

Pingamizi la pili linanihusu zaidi kama mtu wa mitandao. Machi 2015 BioMed Central hiyo hiyo ilifuta makala 43 kwa mpigo. Sababu? Uhakiki wa kughushi. Majarida mengi humruhusu mwandishi kupendekeza wahakiki na kuandika anwani zao za barua pepe. Wajanja wakapendekeza majina ya wataalamu wa kweli lakini anwani za uongo, barua zikaenda kwa watu wengine kabisa, na “wahakiki” wakasifu kazi kwa moyo mkunjufu. Sisi tunaijua hila hii. Mfumo uliamini kitambulisho kilicholetwa na mtu yule yule anayekaguliwa. Hakuna anayejenga ukurasa wa kuingilia benki kwa namna hiyo!

Je, hilo linathibitisha kwamba uwazi haufai? Kinyume chake. Ripoti ya kughushi ikilala gizani, ni mhariri peke yake anayeweza kuishtukia. Ikiwa hadharani na ina jina, mwenye jina anaweza siku moja kujikuta kwenye mtandao akisifu makala ambayo hajawahi kuiona, akapiga kelele. Na dawa za upande wa ufundi zipo: anwani ya chuo ichukuliwe kwenye tovuti ya chuo na si kwa mwandishi, na mtafiti ajulikane kwa namba yake ya ORCID, mpango unaofanya kazi tangu 2012.

Hata hivyo tusiupe uhakiki uwezo usio wake. Mwaka 1974 huko New York, William Summerlin, daktari wa ngozi aliyekuwa akifanya utafiti wa kupandikiza ngozi katika taasisi ya Sloan-Kettering, aliwapaka panya weupe wino mweusi ili waonekane wamekubali ngozi ya panya wengine. Hakushikwa na mhakiki. Alishikwa na mhudumu wa maabara aliyesugua kwa spiriti na kuona rangi inatoka. Mhakiki husoma karatasi, hamshiki panya. Ndiyo maana naona ni bora macho yawe mengi, na yaendelee kutazama hata baada ya kuchapishwa.

Sasa fedha, maana mkono mtupu haulambwi. Kama msomaji halipi, nani analipa? Dermatology Online Journal lilikulia mgongoni mwa chuo. BioMed Central ilianza kuwatoza waandishi mwaka 2002, dola 500 kwa makala. Kampuni ikanunuliwa na Springer mwaka 2008, na kufikia mwisho wa miaka ya 2010 ada za majarida ya mfululizo huo zilikuwa zimevuka dola 2,000. Hizo ni zaidi ya shilingi laki mbili kwa makala moja. Ukuta uliokuwa mbele ya msomaji ukahamishiwa mbele ya mwandishi.

Mtaniambia kuna msamaha wa ada. Upo, na umewasaidia wengi. Lakini msamaha hufuata orodha ya Benki ya Dunia: nchi za kipato cha chini husamehewa, na nchi za kipato cha kati cha chini mara nyingi zimekuwa zikipewa punguzo tu. Kenya ilipandishwa kwenye kundi hilo la pili mwaka 2015, mwaka mmoja hivi baada ya kukokotoa upya pato lake la taifa. Kwenye karatasi tulitajirika. Daktari wa hospitali ya kaunti aliamka asubuhi hiyo na mshahara ule ule.

Na kuna jambo la leseni, ambalo watu wa programu huria mtalielewa kabla sijamaliza sentensi. Makala za BMC Dermatology zina leseni ya Creative Commons inayodai tu umtaje mwandishi. Unaweza kuzinakili, kuzichapa, na kuzitafsiri. Makala nilizofungua za Dermatology Online Journal zina leseni inayokataza biashara na inayokataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Tafsiri ni mabadiliko. Kwa hiyo makala ninayoweza kuisoma bure usiku kucha siwezi kuitoa kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa. Nani anaumia? Si profesa wa California. Ni mwanafunzi wa kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi pale KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha maafisa wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ambaye kesho atamweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Najua sababu ya katazo hilo, wanaogopa tafsiri mbovu ya kipimo cha dawa. Ni hofu ya haki. Lakini tafsiri mbovu hurekebishwa kwa kuonekana, na isiyoruhusiwa haiwezi hata kurekebishwa.

Mahali pamoja naungana na wanaotaka tahadhari: picha za wagonjwa. Leseni huria ikishabandikwa kwenye picha ya uso wa mtu, picha hiyo inaweza kwenda popote, milele. BioMed Central ilidai idhini ya maandishi ya mgonjwa, na wahariri wa majarida ya tiba walishakubaliana kwamba kufunika macho kwa mstari mweusi hakutoshi kumficha mtu. Vizuri. Ninachouliza ni fomu hiyo iliandikwa kwa lugha gani, na kama mgonjwa alielezwa neno “mtandao” maana yake ni nini. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya jikoni ambayo nataka mlango wake ubaki na kitasa.

BMC Dermatology lenyewe halipo tena. Liliacha kuchapisha mwishoni mwa 2020 baada ya miaka ishirini. Na hapa ndipo uwazi ulipolipa. Jarida la kawaida likifa linaacha makala zake, na mafaili ya wahariri yanapotea na kompyuta zao. La hili makala bado zinasomeka bure, nakala ziko PubMed Central, na ripoti za wahakiki zimebaki kando ya makala zake. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kuhakiki anaweza kuketi mchana mzima akisoma jinsi wakubwa walivyobishana. Sijui shule nyingine ya bure ya namna hiyo kwenye fani ya ngozi.

Majarida yetu ya Afrika Mashariki hayahitaji kungoja mtu. Mengi tayari yanaendeshwa kwa Open Journal Systems, programu huria iliyotoka Kanada mwaka 2001, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha African Journals Online. Programu hiyo inaruhusu kubandika zaidi ya faili moja kwenye makala moja. Mhariri achukue ripoti za wahakiki na barua ya majibu, aombe ruhusa ya wenyewe, afute jina la asiyetaka kujulikana, azigeuze PDF, na azipandishe kando ya makala kwa jina “Historia ya uhakiki”. Hakuna msimbo wa kuandika. Kwa toleo lenye makala nane ni kazi ya alasiri moja, na chai ikiwemo.